Neno la Siku au Kitabu Kizima? Kuchagua Usomaji wa Biblia Unaoendana na Jiko la Nyumbani

Kila Januari, katika nyumba nyingi za Wakristo, mtu huanza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, na kila Februari mpango huo hukwama mahali pale pale, kwenye sheria za sadaka katika Mambo ya Walawi. Nyumbani kwangu ulikwama mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa nimebaki nyuma kwa siku tisa, nikawa nasoma mbio mbio alfajiri huku uji wa watoto uko motoni, na uji ule ukashika chini ya sufuria mpaka nyumba nzima ikanuka. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza kwanza swali moja kabla ya kuchagua namna ya kusoma: katika nyumba hii, ni saa ngapi chungu kinaweza kuachwa peke yake, na kwa dakika ngapi?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya jambo zito kama Neno la Mungu, lakini kwa mtu anayepika ndilo linaloamua kama usomaji utadumu. Kazi za jikoni ziko za aina mbili. Zipo zinazoshika mikono na macho kwa pamoja, kama kusonga ugali, kukoroga uji na kuchoma chapati, ambazo ukizipa kisogo kwa dakika moja zinaharibika. Na zipo zinazojiendesha zenyewe zikishawekwa sawa, kama maharage yanayochemka, makande, unga wa maandazi unaosubiri kuumuka, au wali uliofunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Aina ya kwanza inaacha huru sikio na kumbukumbu tu, ilhali aina ya pili inaruhusu kitabu kilicho wazi mezani na watu walioketi kukizunguka. Namna za kusoma zinazojulikana katika makanisa yetu zinatofautiana sana kwa jambo hili, na anayechagua bila kuliangalia hujikuta ameileta alfajiri namna iliyofaa jioni.

Neno la siku, wakati wa uji

Namna fupi kuliko zote ni aya moja au mbili kwa siku. Wamoravian ndio walioipa namna hii umbo lake linalojulikana zaidi. Mwezi Mei mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, Nicolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapa waumini wa jumuiya yake neno la kubeba siku inayofuata, na neno hilo likawa linapelekwa nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kwa mara ya kwanza kama kitabu, na kazi hiyo haijakoma hadi leo. Aya za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura huko Herrnhut, kutoka katika mkusanyiko wa aya zipatazo 1,800, miaka mitatu kabla ya kutumika. Kisha kila aya hutafutiwa aya ya Agano Jipya inayoendana nayo. Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, desturi hiyo ilikuja pamoja nao.

Bibi aliyenilea alikuwa Mmoravian wa huko Rungwe, na alikuwa na utaratibu ambao sijauona ukishindwa. Alisoma neno la siku kabla ya kuwasha moto, akalirudia mara mbili kwa sauti, kisha akakifunga kitabu. Uji ulipoanza kuchemka na mwiko kuanza kuzunguka, alimwambia yeyote aliyekuwa karibu, "Haya, mwanangu, nipe neno la leo," na aliyeshindwa kulisema alirudishiwa polepole, kipande kwa kipande, mpaka likakaa. Uji wa ulezi uliokorogwa vizuri huchukua kama robo saa, na robo saa hiyo ilitosha aya moja kuingia katika vichwa vya watoto wanne ambao hawakuwa wameshika kitabu chochote. Hapo ndipo nguvu ya namna hii ilipo: inahitaji macho kwa nusu dakika, na baada ya hapo inaishi kwa sikio na kumbukumbu, kwa hiyo inaweza kukaa hata na kazi zile zisizokubali kuachwa. Tena ukikosa siku moja hudaiwi chochote, kwa maana neno la kesho halitegemei la leo.

Udhaifu wake ni mkubwa vilevile, nami nausema nikiwa mtu ninayeipenda desturi hii. Aya iliyong'olewa kutoka mahali pake inaweza kumwambia msomaji jambo ambalo mwandishi hakulisema. Chukua Yeremia 29:11, aya inayotundikwa ukutani sebuleni na kutumwa kwa simu kila mwanafunzi anapoingia kwenye mtihani, kuhusu mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake. Maneno hayo yamo ndani ya barua kwa mateka waliokuwa Babeli, na aya iliyo juu yake, ya 10, inawaambia kwamba miaka sabini itatimia kwanza. Zaidi ya hapo, aya ya 5 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake katika nchi ile ile ya utumwa. Mtu aliyesoma aya ya 11 peke yake amepata faraja ya haraka. Aliyeisoma barua nzima amefundishwa kulima na kupika na kungoja, jambo ambalo mama wa nyumbani angelielewa kuliko wengi. Neno la siku haliwezi kukufikisha huko lenyewe.

Kitabu kizima, wakati wa maharage

Namna ya pili ni kuchukua kitabu kimoja cha Biblia na kukisoma kwa mfululizo, sura moja kila jioni, mpaka kiishe, bila kujali kinaisha tarehe ngapi. Hii ndiyo ninayoitetea kwa nyumba nyingi, na sababu yangu ya kwanza ni maharage.

Naishi Mbeya, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na kwa sababu hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko yanavyochelewa Dar es Salaam. Yaliyolowekwa usiku kucha hunichukua saa moja na nusu hadi mbili kwenye jiko la mkaa; yasiyolowekwa yanaweza kufika saa tatu. Nyanya hazitiwi mapema, kwa kuwa uchachu wake huyafanya yakae magumu, hivyo kwa muda mrefu hakuna la kufanya isipokuwa kuongeza maji ya moto yanapopungua na kuangalia makaa. Muda huo, kati ya kubandika na kuunga, ndio muda mrefu kuliko wote ambao jiko la nyumbani humpa mpishi, na ni muda ambao watoto wamerudi, wana njaa, na wanazunguka karibu na chungu bila kuitwa. Sura moja ya Injili ya Marko, ikisomwa kwa sauti na kwa utulivu, huchukua dakika tano hadi kumi. Sura ni 16 tu, kwa hiyo injili nzima huisha katika wiki mbili na siku mbili, na familia imemfuata Yesu kutoka Yordani mpaka kaburini bila kuruka kitu.

Kwa wanaoanza napendekeza kitabu cha Ruthu. Kina sura nne na aya 85, na karibu kila tukio lake limefungwa kwenye chakula: njaa inawatoa watu Bethlehemu, habari za mavuno zinamrudisha Naomi, mjane kijana anaokota masazo nyuma ya wavunaji. Katika sura ya pili Boazi anamkaribisha Ruthu ale pamoja na watu wake na kuchovya tonge lake katika siki. Neno hilo, tonge, ndilo lililomfanya mtoto wangu wa mwisho ainue kichwa jioni moja, kwa kuwa hakuwa amewahi kufikiri kwamba watu wa Biblia walikula kwa mkono kama yeye. Kisha Ruthu anapewa bisi, na hapo ilibidi tusimame kueleza kwamba hizo hazikuwa bisi za mahindi tunazozijua, bali nafaka za shayiri au ngano zilizokaangwa, kwa sababu mahindi hayakuwa yamefika upande huo wa dunia. Anakula, anashiba, anasaza, na aya chache mbele tunamwona akimpelekea mama mkwe wake kile alichosaza. Jambo la namna hii haliwezi kupigiwa kura na kuandikwa kwenye kalenda. Linaonekana tu kwa yule aliyekuwa akifuata hadithi tangu mwanzo.

Gharama ya namna hii nayo ni lazima itajwe. Inahitaji mtu wa kusoma kwa sauti huku mwingine akiangalia chungu, au mpishi anayeweza kufanya yote mawili. Inahitaji taa. Siku ya ugali na dagaa, ambapo chakula kinakamilika ndani ya dakika arobaini zenye pilika, nafasi yake hubana sana, na katika nyumba inayopika maharage mara mbili tu kwa wiki, Marko atachukua miezi miwili. Mimi sioni kwamba miezi miwili ni hasara, ila anayependa kuona kurasa zinasonga atachoka.

Mipango ya mwaka, leksionari na Zaburi

Mpango wa mwaka nitaupitia kwa kifupi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, sawa na sura tatu na kidogo kila siku. Mpango maarufu zaidi ni ule alioutunga Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa kanisa la St Peter's mjini Dundee, Scotland, mwaka 1842, wenye sura nne kwa siku: mbili za kusomwa na familia na mbili za faragha, ambapo Agano la Kale husomwa mara moja kwa mwaka na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. M'Cheyne mwenyewe aliwaonya washarika wake juu ya hatari zake, ikiwamo kusoma kwa mazoea na kubeba nira iliyo nzito mno. Kwa mtu mzima mwenye saa yake mwenyewe ya utulivu, mpango huu ni hazina. Kwa jiko lenye watoto wadogo siupendekezi, na uji wangu ulioungua ndio ushahidi nilio nao.

Leksionari, yaani ratiba ya masomo ya Biblia yanayosomwa kanisani, ni jambo jingine, na hapa Wakatoliki wana nafasi nzuri ambayo wengi hawaitumii nyumbani. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, yakifuata hasa Mathayo, Marko na Luka kwa zamu, huku Yohana akipewa nafasi katika majira maalumu. Tangu maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, desturi ya kusoma Injili ya Jumapili ijayo katika nyumba ya mwanajumuiya imeenea Afrika Mashariki yote. Faida yake ni kwamba unasoma kile ambacho jirani anasoma, na padre atakihubiri Jumapili. Mazungumzo yaliyoanzia kwenye jumuiya huendelea sokoni na kwenye foleni ya maji. Kwa jiko la nyumbani, hata hivyo, somo moja linalorudiwa wiki nzima linahitaji mtu mwenye uvumilivu wa kulichimba, la sivyo siku ya tatu watoto wanalisema kabla hujafungua kitabu. Nashauri lisomwe mara mbili tu nyumbani, jioni ya jumuiya na Jumamosi usiku, na siku nyingine zijazwe na namna nyingine.

Zaburi nazitenga peke yake kwa ajili ya wazee na wanaopika kwa ajili yao wenyewe. Kitabu cha Sala cha Waanglikana kinazigawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, na hata Zaburi 119 yenye aya 176 imekatwa vipande vitano, kuanzia jioni ya siku ya 24 mpaka jioni ya siku ya 26. Hakuna hadithi ya kufuata na hakuna deni la jana: unaangalia tarehe, unafungua, unasoma. Mtu anayechemsha chai yake peke yake saa kumi na mbili asubuhi, na ambaye nyumba imekuwa kimya tangu mwenzake alipofariki, atakuta katika zaburi hizo mtu mwingine akilalamika, akilia na kushukuru kwa sauti. Sijaona namna nyingine inayowafaa wajane na wagane kama hii.

Tafsiri ipi isomwe mbele ya chungu

Uchaguzi wa namna ya kusoma hauishi mpaka tafsiri nayo imechaguliwa, kwa maana kinachosomwa kwa macho ni tofauti na kinachosikilizwa na mtu anayekata vitunguu. Nyumba nyingi zina tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, na nyingine zina Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti. Njia ya haraka ya kuona tofauti ni kusikiliza ombi moja katika Sala ya Bwana. Muungano unasema, "Utupe leo riziki yetu." Habari Njema inasema chakula chetu cha kila siku. Wakatoliki wanaposali husema mkate wetu wa kila siku.

Maneno hayo matatu si sawa jikoni. Chakula ni neno ambalo hata mtoto wa miaka mitatu analielewa na kulidai. Mkate uko karibu zaidi na Kigiriki, na unaiunganisha sala na meza ya Bwana, ingawa katika nyumba inayokula ugali unabaki kuwa kitu cha asubuhi ya siku ya mshahara. Riziki ni pana kuliko yote mawili: ni wateja waliokuja kwenye genge, mvua iliyonyesha kwa wakati, afya ya kubeba ndoo, na hiyo sahani yenyewe. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alieleza ombi hilo kwa upana wa namna hiyo hiyo, akitaja chakula, mavazi, nyumba, hali njema ya hewa na majirani wema. Nami kwa sala nalipendelea riziki, na nafurahi kwamba lugha yetu ilikuwa nalo tayari.

Kwa kusoma hadithi mbele ya watoto, hata hivyo, Habari Njema husikika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa sentensi zake ni za leo na hazimlazimishi msomaji kusimama kila aya kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini usiiondoe Muungano nyumbani, kwa sababu baadhi ya maneno yake ya zamani ni maneno ya jikoni hasa. Katika mfano wa chachu, Mathayo 13:33, mwanamke anaisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Anayejua pishi atafikiria kilo nane hivi. Kipimo cha Kigiriki kilicho nyuma ya neno hilo ni kikubwa zaidi. Wasomi hukadiria kwamba vipimo vitatu vinakaribia lita 40. Mtu aliyewahi kukanda unga wa maandazi ya sherehe anajua maana yake: mikono miwili haitoshi, beseni moja halitoshi, na mikate yake ingelisha watu zaidi ya mia. Na katika Yohana 21, baada ya usiku mzima wa kuvua bila kitu, wanafunzi wanakuta ufuoni moto wa makaa, juu yake samaki na mkate, na Yesu anawaita, "Njoni mfungue kinywa." Sijui tafsiri nyingine inayolisema jambo hilo kwa neno ambalo sisi wenyewe tunaliitia watu mezani asubuhi.

Kwa nyumba ya namna gani, namna ipi

Wenye watoto walio chini ya miaka saba wachukue neno la siku asubuhi, kwa sauti, bila kitabu mikononi mwa mtoto, na wasidai zaidi ya hapo. Watoto wakishaanza kusoma shuleni, kitabu kizima jioni kiongezwe, na asubuhi neno la siku liendelee. Namna hizo mbili hazigombani, kwa sababu moja inakaa kwenye uji na nyingine kwenye maharage. Wanandoa wa madhehebu mawili tofauti, ambao ni wengi kuliko makanisa yanavyopenda kukiri, waanze na kitabu kizima kutoka Habari Njema, kwani ni tafsiri ambayo hakuna kati yao atakayeiona kuwa ya upande wa pili. Anayeishi peke yake achague Zaburi za siku 30. Na aliye na hamu ya mpango wa mwaka aufuate kwa faragha, mbali na jiko, bila kuwabebesha wengine.

Kwa simu au kwa karatasi? Jikoni nachagua karatasi, kwa sababu vidole vikiwa na unga simu haifunguki, na ikifunguka inaleta na mambo mengine. Biblia yetu ya jikoni ni ndogo, imefungwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, na inakaa juu ya kabati la vyombo, upande usiofikiwa na mvuke; ukurasa wa Ruthu sura ya pili una doa la mafuta lisilotoka.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, loweka vikombe viwili vya maharage usiku, kesho jioni uyabandike saa kumi na moja, na yakishachemka kwa nguvu punguza makaa, ufunike, umwite aliye karibu asome Ruthu sura ya kwanza. Siku ya nne mtakuwa mmemaliza. Baada yake someni Yona, ambacho nacho kina sura nne, ndipo mfungue Marko.